Tairi za Yule wa Msalato

Mimi si mtu wa kutunga. Hapa Mkonze wananijua: nikisema mtama umeiva, nenda na kisu chako, umeiva. Kuandika kwenyewe nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, mkono ukiwa umeshazoea jembe, kwa hiyo herufi zangu ni nzito na sizipotezi kwa uongo. Ukimaliza kusoma ukasema bibi huyu anaota, nami nitakuuliza: nimeota mchana kweupe, nimesimama, ungo mkononi? Jambo hili limetokea. Limetokea uani kwangu, na aliyelilipia ni mwanangu wa kumzaa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Ninyi mliozaliwa juzi hamwezi kujua. Kabla yake tulipanga foleni ya sabuni, na nguo mpya ikionekana kwako watu wanakuuliza umeipata kwa nani. Halafu mlango ukafunguliwa. Maduka ya mjini yakajaa vitu hata vingine hatukujua vinavaliwa wapi. Tukawa kama mbuzi walioingia kwenye shamba baada ya kiangazi kirefu. Mbuzi anauliza shamba la nani?

Mwanangu Yona alikuwa na pikipiki kuukuu, aliyoinunua kwenye mnada wa mali chakavu za serikali. Zamani ilikuwa ya bwana mifugo. Yona alizungukia nayo vijijini kununua ngozi. Baba yake alishatangulia, dada zake wameolewa mbali, mwanaume niliyebaki naye ni huyo mmoja. Naye alikuwa amechumbia Kibaigwa, ambako njia nzima ni lami, na mwanaume akichumbia penye lami akili yake inakimbia mbele ya pikipiki.

Tairi zake zilikuwa zimeisha, vipara vitupu. Nikamwambia tunakwenda wote kununua, maana anayekaa nyuma ni mimi, na mifupa itakayovunjika ni yangu.

Tukaingia duka la vipuri la Mzee Jivan, Mhindi aliyezaliwa hapahapa Dodoma, ambaye alikuwa akinitania tangu nikiwa mwali.

"Nataka za spoti," Yona akasema kabla hata ya salamu kuisha. "Zile zinazolala kwenye kona."

Mzee Jivan akatoka nje, akaizunguka pikipiki mikono nyuma.

"Kijana, hii ni mzee mwenzangu. Unataka kumvalisha mzee raba za mpira?" Akagonga ringi kwa kidole. "Ringi yako nyembamba. Tairi ya spoti ni pana, itasugua cheni. Halafu mpira wake laini, unaisha upesi. Unashika lami vizuri, sikatai. Lakini nyumbani kwa mama ni mchanga. Kwenye mchanga hii haitembei, inaogelea. Chukua hizi zenye meno."

"Hizo ni za bwana mifugo, mzee."

"Na pikipiki ni ya nani? Si ya bwana mifugo?"

Nilicheka. Yona hakucheka. Ningejua, ningemshika sikio palepale anunue zenye meno tukaondoka.

Tulipotoka akatuita kijana mmoja aliyekaa ukutani, kofia ya sufu kichwani jua lile lote. Alikuwa na tairi mbili. Yona akazipiga jicho, akachuchumaa. Zilikuwa za spoti, ya mbele na ya nyuma, bado nyeusi, zile nywele ndogo za mpira hazijaisha. Akatafuta mshale wa pembeni unaoonyesha tairi izungukie wapi. Akatazama kama mpira umepasuka kwa kukaa sana. Haukupasuka. Akasoma saizi, akanitazama kama mtu aliyeokota fedha njiani.

"Mama, ni za ringi yangu hasa! Za spoti, saizi nyembamba! Hazipo hizi."

Mimi nikamwuliza yule kijana, "Zimetoka wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Nyumbani kwa nani?"

"Mama," Yona akaingilia, "siku hizi ni ruksa. Mtu haulizwi."

Basi zikanunuliwa, zikafungwa palepale kwa fundi, na jua likiwa bado juu tukashika njia ya Mkonze.

Sasa nisikilize vizuri. Tulipofika kwenye lile korongo la mchanga pikipiki ikaanza kuyumba kama Mzee Jivan alivyosema, na mimi, nimekaa upande kama wakaavyo wanawake, nikageuka nyuma nione kama mzigo haujadondoka. Nikaona alama yetu kwenye mchanga, mstari mmoja umepindapinda. Na kando yake nikaona nyayo. Nyayo za mtu pekupeku, za kukimbia, vidole vimezama, kisigino hakijagusa. Zilikuwa zinatoka tulikotoka. Nikatazama kushoto, kulia. Korongo tupu, hata mbuzi hakuna. Na wakati natazama, ukiniamini au usiniamini, mchanga ukachimbika unyayo mwingine mbele ya ule wa mwisho. Halafu mwingine.

Nikampiga Yona mgongoni. "Endesha!"

"Si uliniambia nisikimbie?"

"Endesha nimesema!"

Nyumbani sikumwambia kitu. Mtu mzima hamwambii mtoto jambo ambalo yeye mwenyewe hajalikalia. Yona akaenda kuoga nyuma ya nyumba. Mimi nikashika ungo nipepete mtama, lakini pumba na mtama vikaanguka pamoja. Jua lilikuwa linazama.

Akaingia kijana. Hakupiga hodi. Mrefu, shati amechomekea vizuri, na miguu mitupu, vumbi mpaka magotini. Alinipita kama anavyopita mtu mbele ya kinu, akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki, akachuchumaa. Akabonyeza tairi ya mbele kwa dole gumba. Akaipapasa yote, polepole, kama mtu anayepapasa ndama aliyepotea akarudi.

Mimi sivumilii mtoto asiye na adabu, hata nikiwa na hofu. Nikamwambia, "Wewe, kwenu hakuna hodi?"

Akaendelea kupapasa.

"Shikamoo pia hakuna? Au unangoja mimi ndiyo nikuamkie?" Na kwa kumsuta, kama tunavyowasuta watoto wajeuri, nikapiga goti kidogo na ungo wangu, nikasema, "Haya, shikamoo, bwana mkubwa!"

Akainua uso. Akaniambia, "Marahaba."

Hakusema kwa utani, wala kwa ujeuri. Aliitika kama anavyoitika mzee aliyezoea kuamkiwa. Nikaukumbatia ungo wangu.

"Wewe mtoto wa nani?" nikauliza.

"Wa Msalato. Bado wamekaa." Akarudisha macho kwenye tairi. "Hizi sijazimaliza, mama. Sijazimaliza."

Nikageuka kumwita Yona. Niligeuza shingo tu, miguu sikuitoa. Niliporudisha macho uani hapakuwa na mtu. Ua wangu ulikuwa umefagiwa. Nyayo zilikuwa za kuingia, mpaka pale pikipiki iliposimama. Za kutoka hazikuwepo.

Wewe ungefanya nini? Bado wamekaa, alisema. Nani asiyejua nani hukaa, na hukaa kwa ajili ya nini? Na nani asiyejua kwamba mali ya marehemu haitoki nje, hata kijiko, kabla tanga halijaanuliwa na wazee hawajagawa wenyewe?

Nikaenda kwenye pikipiki, nikachomoa vali zote mbili, upepo ukatoka kwa kelele, vali nikazifunga kwenye pindo la khanga. Yona akatoka na sabuni masikioni.

"Mama! Hii pikipiki umeinunua wewe?"

"Nimekuzaa wewe. Inatosha."

"Kesho naenda Kibaigwa!"

"Kesho unakwenda Msalato."

Nilimweleza. Akasema ni mwizi aliyekuja kututisha ili tuziache. Nikamwonyesha nyayo, akasema upepo umezifuta nyingine. Upepo unaochagua nyayo! Lakini vali nilikuwa nazo mimi, nikalala nazo.

Asubuhi akazivua kwa hasira, tukapanda lori la kokoto, yeye na tairi zake na uso wake uliovimba. Msalato hatukuhitaji kuuliza sana. Palikuwa na msiba mmoja tu. Wanaume wamekaa nje, wanawake ndani kwenye mikeka. Nikatoa salamu yetu ya Kigogo, "mbukwenyi", kwa wazee, wakaitika. Na nyuma ya nyumba, kwenye mawe, nikaiona pikipiki kama ya Yona, sura ileile, rangi ileile, imesimama kwa ringi tupu. Yule mwenye kofia ya sufu alikuwa anachanja kuni. Alipotuona na tairi akaruka uzio wa miiba, na hakuchagua pa kurukia.

Marehemu alikuwa kaka yake. Homa ilimchukua upesi. Tairi zile alizitafuta muda mrefu, akazipata, akazifunga, akaugua hata kabla ya kufika nazo kwenye lami.

Niliingia kwa wanawake, nikawaeleza yote kama nilivyokueleza wewe. Mama wa marehemu alilia, akasema, "Ndiye. Salamu ilikuwa inamshinda tangu mdogo. Nimemchapa kwa hilo mpaka nikachoka." Akacheka kidogo ndani ya kilio, na wenzake wakamshika.

Lakini shangazi wa marehemu, mwanamke mkavu mwenye jicho moja, hakulia. Akanisogelea.

"Unasema ulimwamkia wewe?"

"Kwa kumsuta."

"Akaitika?"

"Akaitika."

Akavuta khanga yake mpaka usoni. "Basi umempa ukubwa nyumbani kwako. Sisi tuna maiti, dada. Wewe sasa una mzee."

Tukaziacha tairi, tukarudi. Siku ya kuanua tanga tukaitwa. Wazee wakagawa: shuka kwa huyu, kitanda kwa yule, pikipiki ikabaki kwa baba yake. Ikafika zamu ya tairi, mama wa marehemu akasimama akasema, "Hizi apewe kijana aliyezirudisha. Mwanangu alizifuata kwake. Atamwendeshea."

Ningesema nini? Zawadi ya aliyefiwa haikataliwi mbele ya watu, ni kumtukana pamoja na maiti wake. Nikamtazama Yona nikimkataza kwa macho. Alikuwa ameshanyoosha mikono yote miwili. Nikamtafuta yule shangazi. Alikuwa anatazama chini.

Wazee walitoa, hilo sibishi. Lakini mwenyewe hakutoa.

Tangu siku alipozifunga, Yona hakukaa tena. Sisemi alikuwa mtembezi, nasema hakukaa. Alikula amesimama, funguo mkononi. Nikimwambia keti, anaketi, goti linatetemeka, mara kasimama. Biashara ya ngozi akaiacha. Alikwenda lami ya Morogoro, akageuka, akaenda tena. Watu walimwona Nzuguni asubuhi, wakamwona Msalato mchana, na hana anachobeba. Kibaigwa alikuwa anapita, wanamwona, hasimami. Yule binti alikuja mwenyewe kuniuliza, "Mama, nimemkosea nini?" Nikamwambia hujakosa.

Nikimwita "Yona", anachelewa kugeuka.

Nilijaribu kuchomoa vali tena, akanishika mkono. Mwanangu hakuwahi kunishika mkono. Nikampeleka kanisani, alitoka katikati ya sala. Basi nikabaki na tumaini moja la kijinga. Kila magharibi akija kunywa maji, mimi nachuchumaa, napima tairi kwa ukucha, naona mistari imebaki kina gani. Mpira laini huisha upesi, Mzee Jivan alisema, lakini niamini, hakuna kitu kinachokwisha polepole kama kile unachokiombea kiishe.

Zikaisha. Nyuzi zilionekana, nyeupe kama mfupa. Siku hiyo Yona alikuja kwa miguu, anaisukuma pikipiki, akaiegemeza ukutani, akaketi chini kwenye vumbi. Akala ugali wote na mlenda wote, akalala mpaka kesho yake jioni. Alipoamka akatoka mlangoni, akatazama shamba.

"Mama, mtama umeshavunwa? Si tumepanda juzi?"

Niliingia ndani nikalia, mimi ambaye hata kwenye msiba wa baba yake sikulia mbele ya watu.

Binti wa Kibaigwa alikuwa ameshaolewa. Pikipiki tuliiuza kama chuma. Yona alikuja kuoa baadaye, ana watoto, ni mtu mzima sasa. Lakini mpaka leo hawezi kumaliza mlo bila kusimama, anakwenda mpaka barabarani, anatazama, anarudi. Mkewe ameshazoea, anafunika sahani tu. Mwanangu yuko hai, namshukuru Mungu. Ila mwaka ule ulikuwa wake, akautumia mtu mwingine, na hakuna wazee wa kuugawa upya.

Kwa hiyo wewe unayenunua vya mtumba, tairi, koti, redio, uliza vimetoka nyumbani kwa nani, na mtu akikuambia ni ruksa, uliza tena. Na jioni akiingia kwako asiyepiga hodi, usimwamkie. Hata kwa kumsuta, usimwamkie. Mwambie atoke.