Bafle Alizochagua Papa

Gari langu lilikuwa na redio nzima na bafle mbovu. Bafle ndivyo sisi watu wa Baraka tunavyoita spika. Vumbi la barabara lilikuwa limezila karatasi zake, na mvua zilipoanza maji yakapenya mlangoni upande wa abiria, hata kila aliyeongea redioni alisikika kama mtu aliyefunikwa gunia kichwani. Mimi sikujali sana. Nauza vitenge, naendesha peke yangu kutoka Baraka kupanda Fizi na kurudi, na nikichoka na ukimya naimba. Aliyejali alikuwa papa, baba yangu.

Papa alikuwa dereva wa malori tangu ujana wake hadi macho yalipoanza kumsumbua. Ndiye aliyenifundisha kuendesha, wakati ambapo mwanamke kushika usukani huku kwetu lilikuwa jambo la watu kusimama njiani kutazama. Siku ya kwanza alifunika mishale yote ya dashibodi kwa kitambaa. "Usiangalie kitu," aliniambia. "Sikiliza motere. Ikianza kulia, iongezee vitesi. Ikianza kukohoa, ipunguzie." Motere ni injini, vitesi ni gia. Alikuwa na masikio ya ajabu. Akiwa ameketi uani akimenya muhogo, gari likipita barabarani alikuwa akitaja mwenye gari ni nani, tena akiongeza kwamba huyo asipobadilisha breki atatuletea kilio. Tulipokuwa ukimbizini Tanzania, redio yake ndogo ililala kifuani pake kila jioni. Kwa redio ile alijua ni vijiji gani watu wameanza kurudi, na nani hatarudi tena.

Mama alipofariki, papa alihamia kwangu. Kila Jumamosi nilimpeleka Lubondja kutazama shamba letu la muhogo. Hakuwa na nguvu za kulima tena, lakini alipenda kuketi mbele, dirisha wazi, na kuamkia watu wa njiani. Tukitoka tu mjini alikuwa akizungusha kitufe cha redio mpaka mwisho, kisha anakunja uso.

"Mama," alikuwa akisema, kwa maana nimepewa jina la mama yake na hajawahi kuniita vingine, "hii redio yako haisemi tena. Inanung'unika tu."

Nilimwamini. Hata mimi niliisikia ikinung'unika.

Yalikuwepo mambo mengine, lakini kila moja lilikuwa na maelezo yake. Simu yake alimpa binti yangu, akasema simu ni ya batoto, yeye watu wake wote anajua wanakaa wapi. Wageni wakija aliongea bila kupumzika, hadithi ikiisha anaanza nyingine, wageni wanaondoka hawajatia neno. Nilidhani ni uzee. Nilidhani ni kumkosa mama, maana mama ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba.

Basi siku moja nikampeleka sokoni tuchague bafle mpya pamoja. Muuzaji alikuwa kijana mcheshi, ukuta wake wote umejaa bafle zilizopigiliwa kwenye ubao, nyaya zimeshuka mpaka kwenye betri ya gari iliyokaa sakafuni. Alipima tundu la mlango wangu kwa utepe wa kupimia, akarudi na za aina tatu. Za kwanza zilikuwa ndogo, zimetolewa kwenye gari kuukuu, lakini karatasi zake nzima. Za pili zilikuwa na kitufe cha fedha katikati.

"Hii ndiyo ya kuongea, Mama," kijana aliniambia. "Besi yake iko kidogo, lakini mutu akiongea unasikia mupaka mate anameza."

Za tatu zilikuwa nzito, sumaku nyuma kama kitako cha sufuria, na mdomo wa mpira mnene. Alipoziwasha, chupa za soda kwenye rafu zilianza kugongana.

"Hii ni ya bavijana ba ambiance, ba kucheza muziki," alisema akicheka. "Kwa habari, hapana. Na redio yako ni ya nguvu kidogo, haitazibeba vizuri."

Nilimwomba aweke sauti ya mtu anayeongea. Akatafuta kwenye simu yake mahubiri ya mchungaji mmoja, akayapitisha kwenye za kwanza, kisha za pili, kisha za tatu. Kwenye za pili maneno yalitoka safi, kila moja limesimama peke yake. Kwenye za tatu mchungaji alikuwa kama anahubiria ndani ya pipa. Mimi nilikwisha kuchagua. Lakini papa alisogea ubaoni, akaweka kiganja juu ya bafle moja, akangoja, akakihamishia kwenye nyingine, akangoja tena. Alipofika kwenye zile nzito, uso wake ulifunguka.

"Hii," alisema. "Hii inasema."

"Muzee, ile ya katikati iko safi zaidi," kijana alimwambia.

Papa alimwitikia kwa kichwa, akitabasamu. "Ndiyo. Hii."

Kijana alinitazama, nikainua mabega. Sikuwa nimemwona papa akitabasamu vile tangu mazishi ya mama. Tukafungiwa zile nzito.

Jumamosi zilizofuata zilikuwa nzuri. Papa aliweka kiganja mlangoni, juu ya wavu wa bafle, na huko kilikaa mpaka Lubondja. Alitikisa kichwa, mara nyingine aligonga kwa vidole. Mimi maneno nilikuwa nayapata kwa kuyatafuta, maana besi ilikuwa inayameza, lakini sikulalamika. Niliwaambia hata wateja wangu kwamba mzee wangu amepata furaha yake. Maskini mimi.

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa tumekwisha kuacha nyumba za mwisho, tunaelekea juu, na redio ya hapa kwetu ilikuwa inasoma matangazo. Mbuzi amepotea. Chanjo ya watoto. Kisha vifo. Mtangazaji alitaja jina la mtu, jina la ukoo, na kijiji cha Swima, akasema maziko ni leo hii mchana.

Mtu huyo alikuwa convoyeur wa papa. Yaani miaka yote ya malori, papa alipokuwa usukanini, yeye alikuwa juu ya mizigo. Lori likishindwa mlima, yeye ndiye aliyeruka chini na kuweka gogo nyuma ya gurudumu. Walilala pamoja chini ya lori moja, walikimbia vita pamoja, walirudi pamoja. Mimi nilimwita papa mudogo, na hakuna ndugu wa damu wa papa niliyempenda kama yeye.

Nilikanyaga breki, nikamgeukia papa. Kiganja chake kilikuwa mlangoni. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu na kutabasamu, akitazama wanawake waliokuwa wanalima kando ya njia. Tangazo likaisha, ukawekwa wimbo, naye akaanza kugonga kwa vidole.

"Papa," nilimwita. Hakugeuka.

Nikazima redio. Hapo ndipo aliponitazama.

"Kwa nini unazima? Ilikuwa muzuri."

"Walikuwa wanasema nini?"

Aliitazama midomo yangu, kisha akatazama nje. "Mambo ya serikali," alisema.

Nilizima motere. Nilishuka, nikazunguka mpaka upande wake, nikafungua mlango na kuinama, mdomo wangu sikioni mwake. Nilikuwa sijawahi kumpigia papa kelele maishani mwangu.

"Papa, unanisikia?"

"Kidogo." Alikuwa ametazama magoti yake. "Tangu mama yako alipokuwa angali muzima. Yeye alijua. Alikuwa ananiambia kwa mukono."

Nikampa habari ya Swima. Hakuielewa. Nikairudia kwa sauti kubwa zaidi, na kwa sauti kubwa zaidi tena, na wanawake shambani wakainua vichwa. Mmoja aliangusha jembe na kuweka mikono kichwani, kumbe alikuwa anamfahamu marehemu. Hivyo kifo cha rafiki yake kiliwafikia wakulima wa kando ya njia kabla hakijamfikia yeye. Kilipomfikia, alifunika uso kwa viganja.

Alipoviondoa, nilimuuliza sikioni kwa nini hakuniambia. Alijibu bila hasira.

"Mutu mwenye hasikie, banamuachaka kwa nyumba pamoja na kuku. Ungeacha kunipandisha gari."

"Na bafle ulizochagua?"

"Zinanigonga mukono. Nikigongwa, najua redio iko inaongea."

Niligeuza gari. Tulipita Baraka bila kusimama, tukafuata barabara ya ziwani kwenda kaskazini. Karibu na Lusenda wakimbizi wa Burundi walikuwa wanatembea pembeni mwa njia na kuni vichwani, nasi tulipunguza mwendo nyuma yao. Kwenye barriere askari aliuliza tunaenda wapi. Nilisema kilio, akautazama uso wa papa, akashusha kamba. Njia nzima kiganja cha papa kilikuwa pajani.

Swima walikuwa wamefunga turubai uani, na watu walikuwa wengi. Marehemu alikuwa angali amelazwa sebuleni. Kabla hatujaingia, mjane alinivuta mkono hadi nyuma ya nyumba. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia.

"Mutoto wangu, papa yako alikuwa na kitu gani na bwana yangu?"

"Hakuna kitu, mama."

"Iko kitu. Alikuja kwenu Baraka kumuona. Akamuelezea ugonjwa yake, akamuomba shauri, aende hospitali ya Uvira ao asiende. Papa yako hakujibu hata moja. Alimuongelea tu mambo ya malori, malori, kisha akasema anaenda kulala. Bwana yangu alirudi hapa akakaa kwa kiti pale, akasema, 'Yule ndugu hanitaki tena. Nilimukosea nini?' Mupaka wiki hii alikuwa anauliza. Nilimukosea nini?"

Niliikumbuka siku hiyo. Mimi ndimi niliyewapikia. Nilifungua mdomo nimweleze, lakini watu walikuwa wameanza kutuita ndani, maana mchungaji alikuwa amefika.

Papa alikuwa amekwisha kupiga magoti kando ya rafiki yake. Kila mtu huaga hivyo: unainama, unamnong'oneza marehemu ya kwenu ninyi wawili, unainuka. Papa naye aliinama kunong'ona. Lakini mtu asiyesikia hajui kipimo cha sauti yake, na sauti ile ilijaza nyumba, ikatoka mpaka chini ya turubai.

"Ndugu yangu, mi sikukukasirikia. Masikio yangu ilikufa. Siku ile ulikuja, niliona midomo yako tu inaenda. Nilisikia haya kukuambia. Nikaongea miye peke yangu, ili usinijue. Kisha nikakimbia kulala. Sikulala. Nilikusikilizia kwa mulango mupaka uende, na hata kwenda kwako sikusikia."

Waliokuwa wanalia walinyamaza. Waliokuwa uani wakasimama. Papa hakujua lolote. Aliendelea kumwambia marehemu mambo ya kwao, mlima fulani, usiku fulani wa mvua, mkate waliogawana, yote kwa sauti ile ya kuitia mtu ng'ambo, akiamini kwamba anamnong'oneza. Mjane alijiegemeza ukutani, akashuka taratibu mpaka akakaa sakafuni. Hapo nyumba nzima ililia, na hakikuwa kilio kile cha mwanzo.

Papa aliinuka, akatazama watu, akaniuliza kwa sauti ileile, "Banalia sana, ee? Alipendwa."

Mjane alijikokota mpaka miguuni pake, akasimama, akakishika kichwa cha papa kwa mikono miwili na kukivuta mdomoni mwake.

"Ungemuambia! Angekupigia makelele! Angekupigia makelele tu!"

Papa alinigeukia. "Anasema nini?"

Ikabidi nirudie. Mbele ya wote, mdomo sikioni mwa baba yangu, nilirudia yale maneno, polepole na kwa nguvu, mpaka nilipoona yamefika. Alitikisa kichwa mara nyingi. Kisha aliutafuta mkono wa mjane, na hakuuachia mpaka tuliporudi kutoka makaburini.

Baada ya msiba nilimpeleka hospitalini. Daktari alimulika masikio yote mawili, akapiga uma wa chuma na kumwekea kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akauliza kazi aliyofanya. Akasema ni motere. Malori yale ya zamani, injini imekaa karibu na goti la dereva, yalimla masikio kidogo kidogo miaka yote ile aliyokuwa anayasikiliza. Kilichokufa hakifufuki.

Bado tunaishi pamoja. Sasa nyumba yetu ni nyumba ya kelele, na majirani wa ng'ambo ya ua wa matete wanajua tumekula nini na nani anaumwa tumbo. Binti yangu amejifunza kuzungumza naye kwa mikono, wanachekeshana. Mimi mikono yangu ni mizito. Na kuna mambo niliyokuwa nimeyaweka nikingoja siku nzuri: mama alisema nini mwisho, kwa kuwa papa alikuwepo na mimi nilikuwa safarini, kama aliniulizia, kama aliumia kwamba sikufika. Hayo si maneno ya kupigiwa kelele juu ya ua. Jana jioni tulikuwa wawili tu, yeye ana kikombe chake cha chai. Nilivuta kiti, nikausogeza mdomo wangu sikioni mwake, naye akainama kunipokea, amefumba macho kwa kujitahidi. Nikajikuta nimemuuliza kama chai ina sukari.

"Inatosha, Mama," alisema. "Inatosha kabisa."