Betri Nne za Zamani

Ilianza Jumanne, saa nane na robo mchana, sanduku la betri mpya lilipofunguliwa kwenye karakana ya reli. Baba ndiye aliyekuwa mtunza betri hapa Morogoro, nami nilikuwa nimempelekea chakula. Mwindaji mmoja Mdachi, yaani Mjerumani, alikuwa amekodi behewa lenye vitanda na taa za umeme. Lingeachwa siku tano kwenye reli ya pembeni kule Mkata, bila injini, taa zikitegemea betri tu. Msimamizi, naye Mdachi, alishamwambia Baba: taa zikizimika, hamsa ishirini. Yaani viboko ishirini na vitano. Hapa hakuna mtoto asiyeijua hesabu hiyo.

Betri zenyewe ni magudulia ya kioo yenye bamba za madini ya risasi ndani. Zilitakiwa kumi na mbili, na zote zilikuwa zimefika. Sandukuni mlikuwa na karatasi ya Kijerumani. Baba hasomi; mimi niko darasa la juu la misheni, basi akanipa. Nikasoma kwa kale kasauti kangu ambako mwalimu hukaita ka panya. Kwanza, tindikali ndiyo imiminwe ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya tindikali. Baba akaitikia, hilo alilijua. Pili, usichanganye...

Hapo mchochea moto wa mashine ya mvuke inayotoa umeme akaangua kicheko. "Mzee, kumbe siku hizi fundi ni bintiyo? Tumwamkie shikamoo?"

Wenzake wakacheka. Masikio yakaniwaka, nikaikunja karatasi. Baba hakuniuliza kimebaki nini.

Kilichobaki kilikuwa mstari mmoja: usichanganye betri mpya na za zamani.

Baba akaziacha mpya nne sandukuni, na mahali pake akapanga nne za zamani zilizokuwa pale karakana. Hakuwa mzembe. Kwetu mlimani nyumba mpya haianzi na moto mpya. Kaa la moto hutolewa jikoni kwa bibi mzaa mama, ndipo moto uwajue wenyeji wake. "Hizi changa hazijui kazi," alisema. "Wazee watazifundisha." Nilisimama pale na bakuli tupu. Nikajiambia nitamweleza nyumbani. Nyumbani nikajiambia kesho.

Jumatano zikaunganishwa na mashine zichajiwe. Kufika adhuhuri zile za zamani zilikuwa zinatoa mapovu, dalili ya kushiba, na mpya zimetulia tuli. Baba akakata umeme. Wazee wakishiba, alisema, jamaa yote imeshiba. Sasa najua kwamba tumbo la betri nzee ni dogo: zilijaa upesi kwa sababu hazikuweza kubeba zaidi, na zile changa zikaondoka na njaa.

Behewa likaenda Alhamisi. Ijumaa asubuhi ikaja taarifa ya simu kutoka Mkata: taa zimezimika usiku wa kwanza, behewa linarudishwa.

Baba alipigwa bomani Ijumaa hiyohiyo mchana. Mama na mimi tulikuwa nje ya ukuta. Nilihesabu mpaka kumi na tisa, kisha nikaziba masikio. Vile sita vya mwisho alivipokea peke yake, na hivyo ndivyo vinavyonitia aibu zaidi.

Jioni alikuwa amelala kifudifudi mkekani. Mama alipotoka kuchota maji, nikamwambia.

"Baba, karatasi ilikataza. Nilinyamaza kwa sababu walicheka."

Akageuza uso upande wangu.

"Nilikuona ukiikunja," akasema. "Na mimi nilinyamaza kwa sababu walicheka."

Hakusema amenisamehe. Sikuomba.

Jumamosi asubuhi nilikwenda karakana peke yangu, maana Baba hakuweza kuinuka, behewa lilikuwa limerudi, na Msimamizi alisema betri zisipokuwa tayari siku hiyo Baba atapigwa tena. Mchochea moto hakuinua uso. Nikafungua nati za zile nne za zamani, nikaziburuta moja moja hadi ukutani, tindikali ikinitoboa gauni. Nikapanga nne mpya, nikazijaza maji kwanza ndipo tindikali, nikamwomba mchochea moto awashe mashine. Ilibidi niseme mara mbili ndipo anisikie. Kisha nikaketi juu ya sanduku, macho kwenye magudulia yote kumi na mawili, nikingoja mapovu.