Mgeni Aliyekuja Siku ya Mashine ya Baba

Kabla hujaniambia kwamba jua la mchana lilinichanganya, nisikilize mpaka mwisho. Sikuwa na homa, wala mimi si mtu wa kuona majini kila pembe. Haya yalinitokea kwetu Pongwe, nikiwa na akili zangu zote.

Baba yangu alifanya kazi kiwanda cha mkonge tangu ujana, na vumbi la zile nyuzi ndilo lililomharibu mapafu. Usiku kifua kinambana mpaka anakaa kitako kitandani kuitafuta pumzi. Kaka yangu Filipo, anayeishi Marekani, akatutumia mashine ya kuvutia dawa ya kifua. Plagi yake ilikuwa na meno bapa yasiyoingia kwenye soketi zetu, basi nikaenda mjini, Usagara, nikanunua adapta. Ikaingia sawasawa. Nani asingedhani kazi imekwisha?

Adhuhuri Baba kalala, nami nafungua boksi niijaribu mashine kabla ya usiku, akabisha hodi msichana wa miaka ishirini na kidogo. Mfupi, kajitanda kanga, chini ya jicho la kushoto ana kovu. Akasema amekuja kumwona mgonjwa. Hakuniamkia. Mimi na mvi zangu hizi, shikamoo sikuipata. Watoto wa siku hizi, nikasema moyoni, nikamkaribisha huku nimenuna. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamfuta Baba jasho kwa pindo la kanga, taratibu sana.

Nilipoinua plagi kuipeleka ukutani, akasimama.

"Mie naenda. Nisindikize."

"Ngoja nichomeke hii kwanza."

"Utachomeka ukirudi."

Mgeni akishaomba kusindikizwa, utamkatalia vipi? Nikaiweka plagi chini.

Tukashika njia ya kwenda barabarani, mkonge huku na huku. Alitembea upesi, lakini kila mara ananigeukia na kunitazama usoni. Akaniuliza, "Umekula?" Nikasema bado. Akasikitika kweli kweli. "Ule, nawe. Unamtazama baba yako, wewe nani anakutazama?" Akanitengeneza kanga begani. Niamini, mkono wake ulikuwa na joto, mkono wa mtu kabisa.

Tulipokaribia barabara simu ikalia. Nyumbani kwetu mtandao haushiki, mpaka utoke huko nje. Alikuwa Filipo.

"Nakupigia tangu asubuhi. Umeshaichomeka?"

"Bado."

"Usiichomeke. Umeme wa huku ni volti mia na ishirini, wa huko ni mia mbili na thelathini. Adapta inabadili meno tu, umeme unaingia vile vile. Itaungua Baba kaivaa puani. Tafuta transfoma ya kushusha umeme."

Nikageuka kumsimulia mgeni wangu. Hayupo. Ile njia imenyooka, na mkonge wenyewe mchanga, haufiki kiunoni. Angejificha wapi?

Nilimkuta Baba ameamka, nikamweleza yote. Akajiinua, akakaa kitako.

"Kovu lilikuwa upande gani?"

Nikamwonyesha.

"Mwiba wa mkonge ulimchoma hapo, mimba yako ikiwa changa."

Mama yangu alifariki akinizaa. Picha yake hatuna hata moja.

"Lakini hakuniamkia, Baba," nikasema, maana akili ilikuwa bado haijashika.

"Angekuamkiaje? Mama hamwamkii mwanawe."

Nililia siku ile mpaka Baba akawa yeye ndiye wa kunibembeleza.

Transfoma tulinunua, na mashine inafanya kazi. Baba analala, na usiku hauogopi tena kama zamani. Wewe uliyeletewa kitu kutoka nje, soma kibandiko cha volti kabla ya kuchomeka, usidanganywe na plagi kuingia. Na mgeni akikuomba umsindikize, weka chini ulichoshika uende naye, tena mtazame vizuri, maana mimi nusu ya njia nilikuwa nimenuna.

Miaka yote nilipoulizwa mama yangu alikuwaje, nilijibu sijui. Siku hizi nasema alikuwa mfupi, anatembea upesi, na jambo la kwanza anataka kujua kama umekula.