Bei ya Pikapu ya Baba

Harufu ya dizeli hunirudisha uani kwetu Kerende, baada ya msiba wa baba. Mnunuzi kutoka Sirari aliizunguka pikapu ya marehemu, akapiga teke tairi, akamwambia mama, "Milioni mbili."

"Chukua tu, shemeji," baba mdogo akasema. "Mjane atalifanyia nini gari?"

Mama akafungua boneti. "Injini nzima, tairi mpya. Kama hii juzi imeuzwa Tarime milioni saba. Nami nataka saba."

Mnunuzi akacheka. "Nani mwingine atakuja huku kununua?"

Mama akanipandisha mbele, akashika usukani. Sikujua kwamba anajua kuendesha. Nikashikilia kiti kwa mikono miwili. Gari likaruka, likazima. Akawasha tena, tukatoka.

Nyuma yetu mnunuzi akapiga kelele, "Basi, tano!"

Mama akaongeza gia. Tarime tukaiuza saba.