Sare Chini ya Buibui

Juzi kliniki, muuguzi alimwambia mama aliyekuwa mbele yangu akunje mkono wa buibui apimwe presha. Mama akaushika kwa nguvu.

"Nipime juu ya nguo, mwanangu."

"Haisomi vizuri, Bi mkubwa."

Akakunja taratibu. Chini yake likatokeza gauni la lesi ya kijani, lina shanga mpaka kwenye kiwiko.

"Umetoka harusini?"

"Harusi gani asubuhi hii? Nnatoka sokoni kununua dagaa. Madera yangu yote yashachanika. Kila nikitaka kununua jipya, naletewa kitambaa cha sare ya harusi. Nisiposhona, wataniambia nina kijicho."

Sote pale benchini tukacheka, isipokuwa muuguzi. Alifungua kifungo kimoja cha koti lake jeupe, na ndani tukaona lesi ya waridi, inametameta.

"Hii ya harusi ya wifi yangu," akasema. "Ndiyo nnayopikia."

Basi ndiyo hali yetu wanawake wa mji huu. Tuna nguo ya kila harusi, ya Jumatatu hatuna.

Zamu yangu ilipofika, nami nikakunja mkono wa buibui. Rangi siitaji.