Mifarishi ya Bibi Batma

Kwa miaka thelathini fundi Tologon aliingia nyumba za mabonde ya Naryn, kwanza kwa ajili ya simu za waya, siku hizi kwa ajili ya intaneti, na kila nyumba ilimpokea kwa kiapo kile kile: hatujagusa kitu. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, kisha kwenda kuiuliza taa ya kisanduku cha ukutani.

Taa ya Bibi Batma ilikuwa nyekundu, ikipepesa. Tologon akachomoa plagi, akahesabu hadi kumi, akairudisha. Nyekundu vilevile. Umeme ulikuwepo, mwanga unaoleta intaneti kwa waya kutoka nje ndio haukufika. Na saa sita kamili mjukuu wa bibi, aliyezaliwa Korea, angeogeshwa vijiko arobaini vya maji kwa kutimiza siku arobaini. Bibi ndiye aliyeahidiwa kuvihesabu, uso kwa uso, kwenye simu. Zilibaki dakika ishirini.

Tologon akaufuata waya kwa vidole, taratibu, kama apapasaye ubavu wa kondoo, mpaka ukazama nyuma ya mifarishi kumi na saba, fahari ya mwenye nyumba, iliyopangwa juu ya sanduku hadi karibu na dari.

"Tuishushe, mama."

"Wageni wa arobaini wako njiani. Wanikute na ukuta mtupu kama niliyeolewa jana?"

"Basi wakukute na simu bubu."

Bibi akaitazama saa. "Shusha. Ila usihesabu viraka."

Chini kabisa waya ulikuwa umekunjwa kitita kigumu, umekazwa kwa uzi wa sufu, kwa fundo wanalolijua wafumaji tu.

"Hatujagusa kitu," Tologon akasema.

"Niliutunza. Ulizagaa kama utumbo."

Tologon akamweleza kwamba ndani ya waya mna uzi wa kioo, na mwanga haupiti kona kali. Bibi akasema hata magoti yake yako hivyo hivyo.

Fundi alipoufungua na kuushika kwa mikono miwili, umelegea, taa ikawa kijani. Alipoulaza chini, nyekundu. Ulikuwa na kovu; waya mpya ungekuja kesho. Akaunyanyua tena, akabaki amesimama hivyo, kama mtu aliyepewa mtoto ashike kidogo na mama asirudi.

Wageni wakaingia, wakaukuta ukuta mtupu, wakaikalia mifarishi. Kwenye simu mtoto akapiga chafya. Bibi akahesabu kwa sauti, kijiko baada ya kijiko, hadi machozi yakamzidi, hesabu ikampotea. Akamgeukia fundi.

"Thelathini na mbili, mama," Tologon akasema, mikono imekufa ganzi. Alikuwa akihesabu tangu cha kwanza.