Fensi Yenye Macho Tumboni

Nimelala katika miji ambako kuta ni ndefu hata jirani hujulikana kwa kikohozi chake tu. Lenah wa Kianjokoma hangemaliza siku mbili huko. Kwa miaka ishirini na sita alipika githeri, mahindi na maharagwe, katika shule ya msingi, na alipostaafu alinunua ng'ombe, akamjengea banda nyuma ya nyumba, kando ya njia inayoshuka sokoni. Alimwita Gavana, kwa kuwa alikula mchana kutwa na ukimwuliza jambo aligeuza kichwa.

Kila asubuhi Lenah aliketi kwenye kigoda akikamua, na kupitia ua wa michongoma uliobaki na matundu mengi kuliko miiba, alimwona kila apitaye: nani amebeba kuku, nani amevaa viatu vipya, nani anarudi mapema kuliko alivyoaga. Wote walimsalimu.

Nilipokuwa mgeni wa Lenah, mwanawe Njeru, anayeuza bima Nairobi, alikuja likizo, akautazama ule ua na kuona aibu. Akaung'oa. Akamwita Bundi, fundi kutoka Githongo, aliyefika na pikapu na vipande vinne vya fensi nyeupe ya plastiki, kila kimoja mtindo wake.

"Hii haiozi, haitaki rangi," alisema Bundi. "Mchwa akiiuma, anaenda kwa daktari wa meno."

Njeru alipenda ile iliyozibwa kabisa, yenye kimo cha mtu. "Mama, utapata faragha."

"Faragha ya kufanya nini? Nina miaka sitini na tisa."

Walikubaliana kila kipande kifungwe mbele ya banda siku mbili, ndipo waamue. Bundi, aliyekuwa ameshaonja chai ya Lenah, hakuwa na haraka ya kurudi kwao.

Asubuhi ya kwanza nyuma ya ile iliyozibwa, Gavana, ambaye hutoa lita kumi, alitoa nne. Lenah aliingia na ndoo kwa uso wa matanga.

"Gavana amekataa. Anataka kuona watu."

"Ng'ombe anataka kuona watu?" aliuliza Njeru.

"Kwani wewe ukifungiwa hutoa nini?"

Wakajaribu ile ya reli tatu, kama ya shamba la farasi. Maziwa yakarudi kumi, lakini kuku wa kijiji kizima wakapita katikati ya reli wakaimaliza sukuma wiki. Wakaweka ya vijiti vyenye ncha, iliyoishia kiunoni. Lita kumi tena. Ila Gavana alipitisha shingo juu yake, akachomoa kabichi mgongoni mwa mama aliyekuwa akienda sokoni, naye akalipwa kwa maziwa na akaondoka akicheka.

"Sasa jina limemfaa," alisema Bundi.

Ukabaki mtindo wa nne: umezibwa, lakini juu una ukanda wa kimia, wavu wa matundu madogo. Njeru alifurahi, kwa sababu macho ya Gavana yalifika pale pale kwenye kimia. Maziwa yakawa lita nne.

"Mama, huyu anaona njia yote."

"Labda hapendi anachoona."

Kulipokucha tena, Njeru alininong'oneza tumfuate mama yake. Tulichungulia bandani. Lenah alikuwa amesimama juu ya kigoda, vidole vimeshika kimia, akiongea na rafiki yake Marcella aliyesimama njiani. Gavana, aliyekamuliwa nusu, alimtazama kama abiria anayemtazama dereva aliyeshuka kununua ndizi.

"Marcella, hiyo leso ni mpya?"

"Ya harusi. Na wewe leo umekuwa mrefu."

"Nimepanda kigoda."

"Utaanguka, Mama Njeru."

"Nikianguka nitakuwa nimeshakuona."

Njeru alicheka hadi akashika mlango. "Kumbe anayekataa si Gavana."

Lenah alishuka polepole, akajifuta mikono. "Ng'ombe hataki kuachwaachwa, maziwa yanarudi juu. Leo nimemwacha mara tisa. Walipita watu tisa." Akaketi, lakini hakugusa chuchu. "Hawa niliwapikia wakiwa wadogo, Njeru. Nisipowaona, nitajuaje kama bado wanashiba?"

Njeru aliacha kucheka. Akatoka kumwita Bundi, aje na futi.

Walimwambia Lenah akae alivyozoea, Bundi akapima kutoka ardhini hadi machoni pake. Kisha akakifumua kile kipande cha nne, akakishusha kimia hadi katikati. Matundu yake hayakumpitisha hata kifaranga.

"Nimefunga fensi tangu Kinoru hadi huku," alisema, "na sijawahi kuweka yenye macho tumboni. Shosho, ukiulizwa fundi ni nani, mimi hunijui."

Fensi yote ikajengwa hivyo. Kwa anayepita, kimia kiko chini ya kifua, kwa hiyo kumsalimu Lenah lazima uiname. Marcella aliinama na leso yake. Mwalimu mkuu aliinama na mkoba. Vijana wa bodaboda walisimamisha pikipiki wakainama, na ng'ambo ya pili sauti ya maziwa ndooni haikukatika.

Siku ya kurudi Nairobi, Njeru alizunguka kwa njia ya nyuma, akatua begi, akapiga goti na suruali yake iliyopigwa pasi, akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Wĩ mwega, Mama. Naenda."

"Wĩ mwega," alijibu Lenah, akikamua. "Inama tena kidogo. Hapo utosini, upara umeanza."